Tundu Kavu



Kila chombo kinapozama, wa kwanza kushitakiwa ni bahari, kwa kuwa haina wakili. Tutasikia kwamba upepo ulikuwa mkali, kwamba mawimbi yalikuwa makubwa, na mwisho wa maneno tutasikia kwamba ni qadari. Hatukanushi upepo, wala qadari hatuikanushi. Lakini ukizoea kupita asubuhi katika fukwe zetu, kuanzia Mbweni na Ununio hadi Kunduchi, Kawe na Msasani, au ukavuka kwenda Mjimwema na Kigamboni, ambako zamani tulikuhesabu kuwa ni Temeke, iko siku utaikuta boti imezama hapo hapo ilipotiwa nanga, bahari shwari, ndani hamna mtu. Boti hiyo haikuuawa na wimbi. Iliingia maji kidogo kidogo usiku kucha, na aghalabu mwenyewe alikuwa akijua kwamba inaingia maji.

Suala hili limetufikia kamatini kwa njia ya barua. Walimu wa madrasa wameomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi 46 katika kisiwa cha Mbudya siku ya pili ya Idd al-Adh'ha, pamoja na walimu na wazazi 6 wa kuwaangalia, na wakatuomba tuwatafutie boti ya kukodi. Kwa kuwa kazi ya kukodi huangukia ofisi ya katibu, tuliona haifai kuuliza bei kabla ya kuuliza habari za chombo chenyewe. Tukaenda kwa mafundi wa mbao na wa faiba, kwa manahodha na wavuvi walio katika jamaa ya msikiti wetu, na swali letu lilikuwa moja: maji huingilia wapi?

Jibu la kwanza huchekesha, mpaka likukute. Boti nyingi za faiba zina tundu dogo shetrini, chini kabisa, la kutolea maji chombo kinapokuwa nchi kavu. Tundu hilo lina kizibo. Boti ikipandishwa pwani kizibo hufunguliwa ili maji ya mvua yatoke, na ikishushwa baharini hutakiwa kirudishwe. Kila fundi tuliyemuuliza, bila kukosa hata mmoja, alikuwa na kisa cha boti iliyoshushwa bila kizibo. Ubaya wake ni kwamba boti ikienda kasi omo hunyanyuka na maji hayaonekani, pengine hata hutoka kupitia tundu lile lile. Ikisimama tu, tuseme imefika kisiwani au mashine imezima katikati ya mkondo, maji huanza kurudi, na abiria hutambua pale viatu vinapolowa. Mafundi wanashauri kizibo kifungwe pamoja na ufunguo wa mashine, ili asiyekiona kizibo asiweze kuwasha.

Kwa vyombo vya mbao habari ni ndefu zaidi, na kwa utamu wa mazungumzo tulikaa hapo hadi adhana ya laasiri. Mashua haizuii maji kwa mbao peke yake. Huyazuia kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu katika kila mwanya baina ya ubao na ubao. Pamba hukaa mahali pake kwa sababu ubao ukinywa maji huvimba na kuibana. Chombo kikiachwa juani pwani wiki kadhaa, ubao hukauka na kunywea, na pamba hulegea. Ndiyo maana wazee walikuwa wakikishusha chombo na kukiacha majini kwanza, kivuje, kivimbe, kifuliwe maji, ndipo kipakiwe. Nahodha mwenye madeni hasubiri siku ya pili wala ya tatu. Hupakia siku ile ile, akamweka kijana mmoja afue maji njia nzima kwa kopo.

Kisha kuna misumari. Msumari wa chuma cha kawaida uliopigiliwa kwa kuwa ule wa kuzuia kutu ulikuwa ghali, huliwa na chumvi, na kutu yake hula ubao unaouzunguka. Baada ya miaka michache kichwa cha msumari kinaonekana pale pale, kimepakwa rangi, kumbe shina halipo tena na maji yanapita penye njia yake. Fundi mmoja mzee, ambaye ameunda mashua tangu zama za matanga, alitueleza jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema mashua nyingi za leo ziliundwa kwa umbo la chombo cha tanga, nguvu ya upepo ikipokelewa na mlingoti katikati, kisha zikafungwa mashine shetrini. Mashine hutetemesha mahali ambapo mbao hazikuandaliwa kutetemeshwa, na kalafati ya huko nyuma ndiyo hulegea kwanza. Anayekagua mashua yenye mashine, alisema, aanzie nyuma. Akaongeza kwamba zamani chombo kilipandishwa kila baada ya muda, kikachomwa chini kwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, kisha kikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Na kwamba vijana siku hizi hupaka rangi juu ya mdudu, naye anaendelea kula.

Boti ya faiba haihitaji kalafati, na kwa sababu hiyo watu hudhani haihitaji kitu. Maji yakipwa, boti hulala juu ya matumbawe, yakijaa huburutwa. Mkuku hupata ufa mwembamba kama unywele, rangi ikaufunika, na kila wimbi likaufungua na kuufumba. Kisha mwenye boti anaamua kuongeza kiti, au kivuli cha turubai kwa ajili ya wageni, na fundi wa chuma asiyejua habari za bahari hutoboa matundu ya bolti bila kuyaziba kwa dawa yoyote. Hatutasahau pia mashine yenyewe. Boti iliyotengenezwa kwa mashine ya nguvu za farasi 15 hufungwa ya 40, ambayo ni nzito zaidi, na shetri likazama viganja viwili chini ya pale mtengenezaji alipokusudia. Boti kama hiyo ikisimamishwa ghafla, wimbi lake yenyewe linaifuata kwa nyuma na kuingia ndani.

Zile zenye mashine ya dizeli ndani zina milango mingine. Kuna tundu linaloingiza maji ya kupoza mashine, na kuna pale shafti ya propela inapotokea nje. Pa kwanza huwekwa mpira, na mpira hubanwa kwa klipu ya chuma. Klipu ikila kutu ikakatika, bahari nzima ina njia ya kuingia chumba cha mashine, mahali ambapo hakuna abiria anayepaona. Pa pili hutakiwa padondoshe tone moja moja tu. Pakianza kutiririka, nyuzi za kuzibia zimekwisha. Mafundi wote walikubaliana kwamba klipu ziwe mbili kila upande na koki ya maji ifungwe chombo kinapolala. Tulipouliza ni boti ngapi wanazoziona zikiwa hivyo, walitazamana.

Na pampu? Pampu ya umeme ni neema, lakini ni neema inayoficha maradhi. Boti inayovuja ndoo kumi kwa usiku, ikiwa na pampu nzuri, kila asubuhi mwenyewe huikuta kavu na kumshukuru Mungu. Siku betri ikiisha nguvu, au magamba ya samaki na kipande cha mfuko wa nailoni kikaziba mdomo wa pampu, maradhi yote hujitokeza usiku mmoja. Vijana wa mtaa mmoja jirani walikopa, wakanunua boti na mashine, wakaifunga vizuri nangani, wakaenda kulala. Ilikuwa mwezi wa Aprili, katika masika. Mvua ilijaza ngama, betri ikachoka, boti ikashuka kiasi cha viganja vichache. Asubuhi palionekana ncha ya omo na kamba ya nanga. Mkopo bado wanaulipa.

Tumelitaja neno kushuka mara mbili, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watulie nasi kidogo. Tulipokuwa tukikagua boti moja ya faiba iliyopandishwa pwani, tuliona matundu matatu ubavuni, juu ya mstari wa maji: moja la bolti iliyong'oka, moja la mpira wa pampu, na ufa pale sitaha inapoungana na kiwiliwili. Tukamuuliza fundi kwa nini hayakuzibwa. Akasema, "Hayo ni makavu, ustadhi." Alikuwa mkweli. Boti ile ikiwa na wavuvi wanne, matundu yale ni makavu mwaka mzima. Lakini ikipakia watu ishirini na tano, inakaa chini zaidi, na tundu lililokuwa kavu kwa miaka mitatu linakuwa chini ya bahari kwa mara ya kwanza, siku ile ambayo chombo kimejaa watoto.

Kwa hiyo wanaotuambia kwamba chombo fulani kilizama kwa kuvuja, na wanaotuambia kwamba kilizama kwa kujaza watu, mara nyingi wanasimulia habari moja kutoka ncha mbili. Tundu la upana wa sentimita 2.5, la kupitisha kidole gumba, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza takriban lita 40 kila dakika. Hizo ni ndoo mbili za lita ishirini. Kwa robo saa ni lita 600, na uzito wake ni zaidi ya kilo 600: kama watu wazima tisa. Ni abiria tisa wasiolipa nauli, tena wasiokaa wanapoambiwa wakae, kwa maana maji ndani ya boti hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Nayo boti kwa uzito huo inashuka tena, na tundu la pili linafikiwa.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa misiba mingi. Mbunge wao Samuel Plimsoll alipambana na wenye meli waliokuwa wakipakia kupita kiasi, mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha kila meli ichorwe alama ubavuni inayoonyesha kikomo cha kupakia. Sisi boti zetu ndogo nyingi hazina alama hiyo. Kwa upande wa Bara, chombo kilichokaguliwa na TASAC, shirika lililoichukua kazi hii kutoka SUMATRA mwaka 2018, kina cheti, na ndani ya cheti imo idadi ya abiria. Hiyo ndiyo alama yetu. Tunajua kinachotokea idadi inapopuuzwa, na hatuhitaji kukumbushwa kwa urefu: Spice Islander karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, kisha kivuko cha Nyerere huko Ukara tarehe 20 Septemba 2018, chombo cha abiria 101 ambacho maiti waliotolewa walipita 220. Hivyo vilikuwa vikubwa. Lakini mwanzoni mwa Januari 2022 huko Pemba, boti ndogo iliyokuwa ikielekea Kisiwa Panza ilizama na watu wasiopungua 9 wakafariki. Walikuwa safarini kwa ajili ya msiba. Vyombo vidogo ndivyo vinavyotupeleka mazikoni, harusini na kuwatembelea wagonjwa, na ndivyo tunavyovipanda bila kuvitazama.

Hadithi ya jahazi aliyoipokea Nu'man bin Bashir, iliyomo katika Bukhari, kila mmoja wetu ameisikia mimbarini: watu waliopiga kura, baadhi wakakaa juu na baadhi chini, na wale wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao wa juu wakiteka maji. Wakiachwa wataangamia wote. Wakishikwa mikono wataokoka wote. Tumezoea kuifasiri kuhusu maasi katika jamii, na tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini mtu aliyesimama ufukweni Kunduchi akiliona tundu kwa macho yake hahitaji tafsiri.

Kinachomzuia kusema ni haya. Nahodha ni mtu mzima, ana ndevu nyeupe, ameanza kazi kabla ya abiria wake kuzaliwa, nawe una fulana mpya na kapu la pilau. Utamwambia nini? Wazee wa pwani walikuwa na lugha yake, nasi tuliisikia kwa mama mmoja aliyekuwa akiwavusha wajukuu wake wanne. Alisema, "Shikamoo nahodha. Mie mwoga wa bahari, baba, naomba univumilie. Nifunulie hapo chini nione ngama." Nahodha alifunua ubao. Palikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Mama akasema, "Basi fueni kwanza, sie tunangoja kivulini." Akangoja, na abiria wengine kumi, miongoni mwao wanaume wenye vifua vipana, wakashuka kungoja pamoja naye. Maji yalifuliwa, wakatazama kama yanarudi, hayakurudi upesi, wakapanda. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Huo kwa hakika ndio ukaguzi ambao familia yoyote inaweza kuufanya bila kuwa fundi. Ombeni kuona ngama kabla ya kupanda, na itazameni tena baada ya dakika kumi za safari. Tazameni nyuma ya boti ikiwa imesimama na watu wote wamo: ubavu ulio juu ya maji usipungue urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, hicho ni kipimo cha mvuvi mmoja wa Msasani, nasi tumekipenda kwa kuwa kila mtu anatembea nacho. Ulizeni kopo au ndoo ya kufulia iko wapi. Chombo kisicho na ndoo kina nahodha anayeitegemea betri. Msimu huu ni wa kusi, na bahari ya asubuhi si bahari ya alasiri. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tangu jana yake, na rudini mapema.

Jaketi okozi livaliwe ufukweni, si lilaliwe kama mto. Kwa kina mama, livaliwe juu ya buibui na mikanda ifungwe, kwa maana jaketi lililovaliwa ndani haliwezi kurekebishwa na mwokoaji halioni. Mtoto avae la kipimo chake, na mkanda upite chini ya mapaja, la sivyo jaketi litaelea na mtoto atateleza nje yake. Mitandio mirefu ifungwe kiunoni.

Na maji yakionekana yanaingia, kila mtu abaki amekaa, jaketi zikaguliwe kwanza. Waliokaa upande wenye tundu wasogee taratibu upande wa pili kwa amri ya nahodha, ili tundu lipande juu. Kanga iliyokunjwa na kushindiliwa kwa ndani hupunguza maji kuliko mtu anavyodhani. Nahodha aelekee maji mafupi, asiendelee na safari kwa kuwa nauli imeshalipwa. Namba 112 ni ya polisi, 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Ziandikwe katika simu ya zaidi ya mtu mmoja, na simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Chombo kikipinduka, ng'ang'anieni chombo. Boti iliyopinduka huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu. Wavuvi wetu wengine hufunga madumu matupu ya lita ishirini, yenye vifuniko vilivyokazwa, chini ya viti. Dumu halichukui nafasi ya jaketi, ila boti iliyofungwa sita au saba, hata ikijaa maji, haifiki chini upesi.

Tunarudi kwenye barua ya walimu. Tulipata boti mbili zenye cheti. Mwenye ya kwanza, ambayo cheti chake kinasema abiria 30, alituhakikishia kwamba angewachukua wote 52 kwa mara moja, kwa kuwa watoto ni wepesi na wawili wao ni sawa na mtu mmoja. Tulimshukuru tukaondoka. Mwenye ya pili, ambayo ni ya abiria 20, alitufunulia ngama kabla hatujaomba, akatuonyesha klipu zake, na akasema safari zitakuwa tatu kwenda na tatu kurudi, kila mtoto akihesabiwa kichwa kimoja na jaketi moja. Bei yake, kwa hesabu hiyo, ni zaidi ya maradufu ya bei ya mwenzake.

Kwa hiyo mchango uliotangazwa baada ya Ijumaa iliyopita hautatosha, na wazazi wanne wameshatuuliza kwa nini tuliikataa boti ya bei nafuu. Jibu tumelibandika kwenye ubao wa matangazo pamoja na hesabu yote. Mwenye kuweza kuongeza amwone mweka hazina baada ya swala ya magharibi. Kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo, kamati imetenga fungu, na majina yao hayatasomwa. Safari ya kwanza itaondoka Kunduchi saa mbili asubuhi. Ya mwisho kurudi itaondoka kisiwani saa nane mchana, kabla upepo haujapanda, hata kama pilau litakuwa halijaisha.

Wabillahi tawfiq.